Mdogo wangu kapata udaktari Muhimbili na Bugando, siku za kuthibitisha zinayoyoma. Naomba mawazo

Dada wa Igoma
Habari za jioni wakuu.

Mdogo wangu wa mwisho, kombi PCB (fizikia, kemia na baiolojia), amechaguliwa kusoma udaktari wa binadamu vyuo viwili: MUHAS pale Muhimbili na CUHAS pale Bugando. Ujumbe wenye namba ya siri umeshaingia kwenye simu yake, na anatakiwa athibitishe chuo kimoja tu kabla ya dirisha kufungwa.

Nyumbani kwetu ni Igoma, Mwanza. Baba alishatangulia mbele za haki. Mama ana duka la rejareja, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Geita, kaka yetu mkubwa yuko Dar. Kaka anasema ni Muhimbili, na anayebisha akapimwe akili. Mama anasema Bugando, mtoto atakula kwake na kulala kwake, kwa nini apelekwe mjini kulipia chumba? Mimi nimekaa katikati na wote wawili wananipigia simu.

Ada ndiyo inayoninyima usingizi. Nimeweka karatasi mbili mezani: Bugando inazidi Muhimbili kwa zaidi ya milioni 3 kwa mwaka, na kozi ni miaka 5. Mkopo ameomba lakini majibu bado.

Mliopita huko, au wenye watoto huko, naomba mwongozo. Matusi na utani wa Simba na Yanga tuupeleke kule kwingine.

Kata Mbuga
Muhimbili. Uzi ufungwe.

Mnyantuzu Mpole
Kata Mbuga, toa sababu basi. Au umeona jina tu?

Kata Mbuga
Jina ni sababu mkuu. Muhimbili wanafundisha madaktari tangu 1963, wakati huo Bugando hata jengo hakuna. Chuo cha Bugando kimeanza 2003. Mabingwa wengi wa nchi hii wamepita pale Upanga, kilipo Muhimbili. Halafu ni chuo cha umma, ada nafuu. Sasa mtu anapewa bei nafuu na jina kubwa kwa pamoja, bado anaomba ushauri?

Mhasibu wa Buza
Dada, kabla watu hawajakuzungusha, tuweke hesabu sawa, maana hiyo milioni 3 inakudanganya.

Kijana akija Dar anahitaji chumba. Hosteli za chuo hazitoshi wote, na Upanga yenyewe usiifikirie. Wengi wanapanga Kigogo, Magomeni, Ilala. Weka 80,000 kwa mwezi, miezi 10, ni 800,000, na mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mkupuo. Chakula 5,000 kwa siku, akijibana, siku 300 ni 1,500,000. Nauli, vocha, sabuni, kutoa nakala, 50,000 kwa mwezi ni 500,000. Basi la Mwanza kwenda na kurudi mara mbili kwa mwaka, weka 250,000. Jumla 3,050,000. Umeona? Milioni 3 uliyookoa kwenye ada imeliwa Kigogo.

Igoma nako atakuwa na nauli na vocha, kwa hiyo Bugando inabaki ghali kwa laki kadhaa kwa mwaka. Hiyo ndiyo tofauti halisi, si milioni 15 kama ilivyokaa kichwani mwako.

Lakini hizi pesa mbili hazina tabia moja. Ya Kigogo inatoka kidogo kidogo, na mwezi mbaya kijana anapiga chapati maharage maisha yanaendelea. Ada inataka fungu kubwa kwa tarehe. Nina mpwa wangu chuo kimoja binafsi, sikitaji, alizuiwa mlango wa chumba cha mtihani kwa deni la laki 4. Mama yake aliuza cherehani mchana ule ule.

Dada wa Igoma
Mhasibu, Mungu akubariki. Hesabu ya chakula sikuwa nimeiweka kabisa. Kwa hiyo tusubiri mkopo ndiyo tuamue?

Mhasibu wa Buza
Ndiyo mtego wenyewe huo. Kuthibitisha chuo kunatangulia, majina ya Bodi ya Mikopo yanatoka baadaye, kwa awamu, na asiyeridhika anasubiri tena dirisha la rufaa. Unachagua chuo gizani. Kwa hiyo amua kama mtu aliyepewa mkopo nusu. Ukikuta umepewa wote, shukuru.

Na mjue mkopo una vipengele. Ada inakwenda moja kwa moja chuoni. Hela ya chakula na malazi, lile bumu, anapokea mwenyewe; tangu 2022/23 ni 10,000 kwa siku. Kwa chuo binafsi msitegemee kipengele cha ada kitafunika kila kitu, kinachobaki ni cha mzazi. Ila kijana anayelala kwa mama yake na anapata bumu kamili anaweza kuligeuza kuwa ada. Wa Kigogo bumu lake linaishia Kigogo.

Akianza kazi, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hayo ni sawa kote.

Mama Watoto Wanne
Samahani naingilia. Bugando si cha Wakatoliki? Sisi Waislamu mtoto wetu atasumbuliwa?

Mnyantuzu Mpole
Mama, ni cha Baraza la Maaskofu ndiyo, lakini wanapokea dini zote. Jirani yangu hapa binti yake amevaa hijabu yake mwaka wa kwanza hadi wa tano na sasa ni daktari tarajali, yuko mazoezini hospitalini. Hilo lisiwape homa.

Kipimajoto
Dada wa Igoma, pole kwa kusimama katikati. Mimi ni daktari. Nimesoma kwenye kimoja cha hivyo vyuo na utarajali nikaufanya hospitali ya upande wa pili. Sisemi wapi ni wapi, watu wa humu mtanitafuta.

Miaka miwili ya kwanza haina Muhimbili wala Bugando. Ni anatomia, fiziolojia, biokemia, na kulala saa 4 kwa siku. Kinachobeba watu pale ni kikundi cha kusomea na kichwa kilichotulia. Anayepata sapu, ule mtihani wa marudio, anapata kokote, na anayedisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, anadisko kokote.

Mwaka wa tatu anaingia wodini, na hapo ndipo watu wanapokosea kuuliza. Wanauliza "hospitali ipi kubwa?" Zote mbili ni kubwa, zote za rufaa, zote zimefurika. Uliza kitandani kunasimama watu wangapi. Raundi ya profesa ina mpangilio wake: mbele mabingwa, halafu wanaosomea ubingwa, halafu tarajali, halafu wanafunzi wa mwaka wa tano. Wa mwaka wa tatu yuko mlangoni, anasoma mgongo wa koti la mwenzake. Hiyo ni kote.

Daktari anafundwa jioni. Saa 12 raundi zimeisha, ndugu wameondoka, wodi imetulia. Unarudi na stetoskopu yako, unakaa na mgonjwa mmoja nusu saa, unaisikiliza ile sauti ya moyo uliyoambiwa asubuhi ukaitikia kwa kichwa bila kuisikia. Usiku huo huo tarajali amechoka, anakwambia shika hapa, choma sindano hapa, shona hapa. Mwanafunzi anayekaa mbali na hospitali hayo yote hayapati. Saa 11 anaangalia saa, anawaza foleni. Nimesoma na mtu aliyekaa Mbagala kwa shangazi yake bure. Ile bure ilimgharimu.

Kwa hiyo Kigogo kwa Muhimbili ni pazuri, hata kama Jangwani ikijaa maji wanazunguka. Na Igoma kwa Bugando si karibu kama mama anavyodhani. Daladala ya usiku mnaijua wenyewe.

La pili, ambalo hakuna aliyeligusa: huyo kijana Kisukuma anakijua?

Dada wa Igoma
Anakijua vizuri daktari. Amelelewa na bibi Kwimba mpaka darasa la nne.

Kipimajoto
Basi mwambie ana kitu ambacho hakiuzwi dukani.

Nikiwa Mwanza aliletwa mzee kutoka vijiji vya kando ya ziwa huko Magu, anatapika damu. Kiswahili chake cha kuungaunga. Kila aliyempokea aliandika vidonda vya tumbo, maana kila akiulizwa alishika tumbo. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne, Msukuma, akamsalimia "mwangaluka", akavuta stuli. Mzee akafunguka: si mara ya kwanza, aliwahi kutapika hivi miaka ya nyuma na akapona kwa mganga, pombe hanywi, ziwani ameoga na kuvua tangu utoto, tumbo upande wa kushoto limekuwa gumu siku nyingi. Yule kijana akapapasa, bandama imevimba mpaka karibu na kitovu. Hicho ni kichocho cha tumbo, kimeshaharibu ini, na damu inatoka kwenye mishipa ya koo la chakula iliyotanuka. Tiba yake si ile ya vidonda. Bingwa alipokuja asubuhi alimwachia kijana aprezenti mgonjwa mwanzo hadi mwisho, na sisi wengine tukasikiliza.

Kanda ya Ziwa imejaa hayo. Kichocho, selimundu (sickle cell), watoto wenye uvimbe wa taya ule wa Burkitt. Kwa mwanafunzi, wagonjwa hao ndio kitabu.

Muhimbili nao wana vyao, nisije nikaonekana napiga kampeni. Taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete iko pale pale, MOI ya mifupa iko pale pale, na majeruhi wa bodaboda wanaoingia MOI usiku mmoja wanatosha kumfundisha mtu mivunjiko ya mwaka mzima. Hospitali ya Mloganzila nako wanafundishia. Kama kijana anaota upasuaji wa moyo, kuuona ukifanyika akiwa na miaka 22 si jambo dogo.

Kata Mbuga
Daktari umeandika vizuri lakini hujajibu jina. Akiomba kazi, cheti cha Muhimbili na cha Bugando vinalingana?

Kipimajoto
Mkuu, siku ya kwanza ya utarajali tulikuwa mchanganyiko: Muhimbili, Bugando, KCMC ya Moshi, Dodoma, Kairuki, na waliosoma China na Urusi. Baada ya wiki mbili hakuna aliyekumbuka nani katoka wapi. Muuguzi wa zamu saa 9 usiku anajua tu nani akiitwa anakuja. Usajili ni Baraza la Madaktari lile lile. Na akitaka jina la Muhimbili ataenda kulichukua kwenye ubingwa. Wengi wa Bugando wanafanya hivyo, na wapo wa Muhimbili wanaokwenda Bugando au Moshi kwa ubingwa.

Chagga Original
Na KCMC hakuomba? Moshi hali ya hewa tu inatosha kufaulu 😂

Mnyantuzu Mpole
Tulijua utakuja.

Steshenari Mlimani
Naomba niongee kama mtu ninayewajazia vijana fomu kila mwaka. Hiyo namba ya siri ASIMPE MTU, hata sisi. Kuna kijana alimwachia mtu wa steshenari simu na namba, akaenda kula. Karudi amethibitishwa chuo ambacho hakukitaka, kozi ambayo hakuitaka, jamaa alichanganya akaunti mbili. Kujinasua kulikuwa kwa barua na machozi. Aingie mwenyewe kwenye akaunti ya chuo anachokitaka, aweke namba, asome mara mbili, athibitishe, apige picha ukurasa.

Na asijidanganye kwamba atahama baadaye. Uhamisho upo, lakini vyuo vyote viwili vikubali, TCU, ile tume ya vyuo vikuu, ikubali, nafasi iwepo, halafu uanze kuhamisha na mkopo Bodi. Muhula unaisha bado unafuatilia.

Bi Mkubwa wa Pasiansi
Nimesoma uzi wote. Kaka kasema, mama kasema, mhasibu kasema, daktari kasema. Mwanangu mwenyewe kasemaje? Hakuna hata mstari mmoja.

Dada wa Igoma
Shikamoo mama. Kweli. Nikimuuliza ananiambia "popote dada, nyie mtakavyoona". Amerudi JKT mkimya kuliko alivyokwenda. Nimemtumia huu uzi ausome.

Bi Mkubwa wa Pasiansi
Marahaba. "Popote" ya mtoto wa mwisho si jibu, ni adabu. Mwambie aandike hapa hapa, hatumjui, hatutamcheka.

Kijana wa PCB
Shikamooni wote. Mimi ndiye. Dada amenilazimisha kujiunga.

Nashukuru kwa michango. Ukweli ni kwamba moyo wangu uko Bugando, na sababu daktari ameitaja kabla yangu. Bibi alikuwa akienda hospitali mimi ndiye nilikuwa natafsiri, tangu nikiwa na miaka tisa. Nilikuwa nasema na vitu ambavyo mtoto hatakiwi kusema mbele ya bibi yake.

Lakini naogopa kusomea nyumbani. Mama naomba usinielewe vibaya kama dada atakusomea. Duka letu linafungwa saa 4 usiku. Kila mteja anayegonga dirishani, anayeitwa ni mimi. Mama akisafiri kwenda kuleta mzigo, nakaa mimi. Kidato cha tano na sita nilikuwa bweni, ndiyo maana nilifaulu. Nikiwa Igoma nitakuwa muuza duka anayesoma udaktari. Ndiyo maana nilisema popote. Nikisema Muhimbili ningekuwa nakimbia duka, nikisema Bugando ningekuwa narudi dukani.

Bi Mkubwa wa Pasiansi
Haya sasa. Hilo ndilo swali lenyewe, na halikuwa kwenye karatasi zako mbili, mwalimu.

Mhasibu wa Buza
Na mimi hesabu yangu inabadilika. Nilimwekea mama jiko bure na kitanda bure, kumbe kuna mfanyakazi wa duka humo ndani asiyelipwa. Mama akiweka binti wa kumsaidia, weka 100,000 kwa mwezi, ni 1,200,000 kwa mwaka. Bado inavumilika.

Kata Mbuga
Kijana, njoo Dar. Utapiga kitabu hakuna wa kukuagiza sukari robo.

Kipimajoto
Dogo, umeongea kama mtu mzima. Kuna njia ambayo wengi wa Mwanza wanaitumia. Mwaka wa kwanza na wa pili kaa Igoma, ni miaka ya darasani, unarudi jioni. Ila uwe na chumba chenye mlango unaofungwa, na duka liwe na mtu wake. Bumu likitoka, usiliguse, liende kwenye ada na kwenye akiba. Mwaka wa tatu ukianza wodi, hamia chumba karibu na hospitali, mchangie wawili na mwenzako wa darasa. Hapo ndipo ukaribu unakuwa na maana. Kulipia chumba mjini mwaka wa kwanza ili uwe jirani na maktaba ni kupoteza hela, maktaba inafungwa.

Ukienda Muhimbili pia hutajuta, niamini. Ila nenda kwa sababu unaitaka Muhimbili. Mtu aliyekimbia kitu nyumbani, mwaka wa pili ukibana, hicho kitu kinampigia simu.

Dada wa Igoma
Nimesoma maneno ya mdogo wangu mara kadhaa. Sikujua habari ya dirisha la duka kabisa, mimi niliolewa mapema nikaondoka. Kesho Jumamosi natoka Geita nakwenda Igoma tukae na mama. Nitarudi na mrejesho.

Chagga Original
Tunasubiri. Na akikosa raha Mwanza, Moshi ipo.

Dada wa Igoma
MREJESHO.

Tumekaa. Nilimsomea mama, akanyamaza muda mrefu, halafu akasema "kumbe nilikuwa namtuma sana". Hakukasirika. Akaanza yeye mwenyewe kutaja binti wa jirani aliyemaliza kidato cha nne yuko tu nyumbani. Mshahara wamekubaliana 80,000 na chakula, kwa hiyo Mhasibu umepigwa 20,000. Chumba cha uani kilichokuwa stoo ya soda kinasafishwa, fundi anaweka kitasa.

Kaka ndiye aliyekuwa mgumu. Alisema tunamnyima mtoto jina. Mwisho akakubali kwa sharti kwamba ubingwa aje Dar, na kwamba yeye ndiye atakayelipa chumba cha mwaka wa tatu. Tumeliandika kwenye daftari la duka na amesaini kwa picha ya WhatsApp.

Kijana amethibitisha mwenyewe jana usiku, CUHAS, mimi na mama tumesimama nyuma yake. Amepiga picha ukurasa kama Steshenari alivyosema.

Sasa swali dogo: kwenye akaunti yake ya mkopo bado chuo kinasomeka kile cha kwanza alichojaza. Abadilishe wapi?

Mhasibu wa Buza
Hongereni sana, mama mpe salamu zangu. Kuhusu hilo, aingie kwenye akaunti yake ya Bodi leo leo aangalie kama inamruhusu kurekebisha. Ikigoma, kila chuo kina ofisi au dawati la mikopo. Jumatatu asubuhi apande kilimani na barua ya udahili, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, wale wa vizazi na vifo, na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Asiende mikono mitupu, atarudishwa.

Kipimajoto
Na akiwa huko huko Jumatatu, asinunue kitabu chochote kipya. Awatafute wa mwaka wa tatu, wanauza atlasi zao za anatomia kwa bei ya kutupwa, zimeshachorwa na kalamu za rangi. Koti la maabara anunue mawili, moja litakuwa linafuliwa. Stetoskopu aache mpaka mwaka wa pili unaisha, wanaonunua mapema huwa wanaivaa kwenye daladala tu 😂

Kijana wa PCB
Ahsante sana daktari. Atlasi nimeshapata mtu, anataka 35,000. Ni bei au nimpigie hesabu upya?

Kipimajoto
Mwambie 25,000. Kama kurasa za mkono na shingo zipo zote, mpe 30,000 ukae kimya.